Mvua ya Saa Tisa na Mtihani Wangu wa Kompyuta

Baba Zuhura, mume wangu,

Huko uliko naomba uwe umepumzika, maana huku mimi nimechoka kwa niaba yetu sote wawili. Nakuandikia kwa kalamu. Ile kompyuta yetu ya zamani iko hapa mbele yangu, imezimwa, waya umelala sakafuni, na juu yake nimetandika kile kitambaa cha kufuma alichotufumia mama yako. Nje kunanyesha na radi inanguruma. Mtu yeyote aliyekujua ameshaelewa.

Kesho nina mtihani. Ni ule wa cheti cha kwanza kabisa cha kompyuta, wa kujua mfumo unaoiendesha mashine: inavyowaka, inavyohifadhi mafaili, inavyomtambua mwenye paswadi na kumfungia nje asiye nayo. Vijana wa chuo huufanya huku wakitafuna chingamu. Mimi naufanya mara ya pili. Mkuu wa chuo ninakofanya kazi ni mtu mwema, lakini ameniambia waziwazi kwamba kazi ya kuangalia maabara ya kompyuta sasa inataka mtu mwenye cheti. Nisipokipata kabla ya muhula kwisha, kazi atapewa mwingine. Hapo mimi na Zuhura tutafunga vyombo vyetu hapa Shirere turudi Mayoni kwa ndugu zako, na mtoto ataacha shule anayoipenda katikati ya masomo. Ndiyo hali ilivyo.

Sijui nikueleze vipi uchovu huu. Asubuhi nafungua maabara, nafuta vumbi, napanga viatu vya wanafunzi mlangoni kwa sababu hawaruhusiwi kuingia navyo. Msimu huu wa mvua soksi zao zinanuka mpaka kitabu changu cha mtihani kimeshika harufu. Jioni nasonga ugali huku Zuhura akiniuliza maswali kwa Kiingereza na kunisahihisha bila huruma hata chembe. Huyo mtoto ni wewe mtupu. Nikikosea anafunga kitabu, ananiangalia, halafu anakifungua tena polepole ili nione aibu.

Na mengi ninayoulizwa nayajua. Ulinifundisha wewe, katika saiba yetu ndogo ya intaneti na uchapishaji pale Mayoni, trekta za miwa zikipita nje na kutujazia vumbi kwenye kibodi. Kabla ya kukutana nawe sikuwa nimewahi kushika kipanya. Uliniwekea mkono wako juu ya wangu ukaniambia, "Usikifinye hivyo, si ingokho unachinja." Nilimcheka huyo kuku wako mpaka wateja wakageuka.

Wakati huo tulikuwa na mashine moja tu. Unakumbuka siku ilipoungua? Tulikuwa tumekaa tunakula, mvua ya saa tisa ikaanza kama kawaida yake, na hakuna aliyejishughulisha. Radi ikaingia na waya wa stima. Tulisikia mlio mmoja, tukaona moshi, na kadi za harusi za watu zilizokuwa ndani zikaisha hapo hapo. Ulisimama umeshika tonge mkononi. Tangu siku hiyo ulikuwa mtu mwingine. Wingu likijikusanya tu upande wa Mumias, unanyanyuka.

"Chomoa, Mama Zuhura! Chomoa kwanza, maswali baadaye. Huyu hapigangi hodi."

Wateja walilalamika weee. Mwalimu mmoja alikuwa anachapisha mitihani ya shule yake, ukamchomolea akiwa kwenye swali la mwisho. Kilichonichekesha zaidi ni pale mashine ilipokuwa ikijisasisha na kuandika kwenye skrini kwamba tafadhali usizime kompyuta yako. Ulikuwa unaisoma kwa sauti, unaitikia kwa heshima zote, "Wewe huijui mvua ya huku," kisha unang'oa plagi. Katika maisha yetu yote pamoja sijawahi kuona kompyuta ikimaliza kujisasisha. Kila asubuhi ilianza upya, na kila alasiri tuliikatiza, nawe ukawa fundi wa kufufua mashine ulizozizima mwenyewe.

Juzi katika kitabu nikakutana na swali hilo hilo: nini hutokea kompyuta ikizimwa katikati ya kujisasisha? Nililisoma nikacheka, kisha kucheka kukageuka, nikaenda kunawa uso. Jibu la kitabuni ni fupi sana.

Kwa sababu ninachokikumbuka mimi ni kile kilichofuata ukishang'oa. Mashine zinanyamaza. Feni zinasimama. Unasoma dua yako ya radi kwa sauti ya chini, unafunika kompyuta kwa vitambaa, halafu unaketi kwenye benchi, upande wangu wa kushoto, kwa kuwa sikio lako la kulia ndilo lililokuwa likisikia vizuri. Wewe mtu wa mbio, usiyekaa hata chai ipoe, mvua ndiyo iliyokukalisha. Tunakula njugu, na wewe unazungumza. Ni hapo uliponiambia ulivyotoroka shule ya msingi. Ni hapo tulipochagua jina la Zuhura, nikiwa na tumbo kubwa, paa la mabati likitupigia kelele mpaka ikabidi ulirudie jina mara kadhaa. Wake wengine huwasubiri waume zao usiku. Mimi nilikuwa nasubiri mvua.

Uliikimbia radi miaka yote ile, kisha presha ikakukuta umeketi unafungua viatu. Siku tuliyokuzika hakukunyesha. Nilikuwa nikiangalia juu, watu wakadhani naomba.

Sasa nikwambie nilivyoufeli ule mtihani wa kwanza, maana najua ungetaka kulisikia hili. Asubuhi nafasi zote zilikuwa za wanafunzi, nikapangiwa alasiri. Ukumbi uko ghorofani hapa mjini, mashine mpya, kila mtu na kiti chake. Nilikuwa naenda vizuri, wallahi. Maswali ya mafaili yalikuwa yamepita, niko kwenye paswadi, hata nimeanza kuona raha. Ikapasuka radi moja, dirisha likatetemeka. Watu wakainua vichwa wakarudi kazini. Mimi nilipojitambua nilikuwa nimechuchumaa chini ya meza, plagi mkononi.

Na haikuwa plagi yangu peke yangu. Ilikuwa ya mstari mzima.

Kijana msimamizi akaja mbio. "Madam, ni wewe umeng'oa?"

"Nimesikia radi."

"Sisi wote tumesikia. Hii nyumba iko na kinga ya radi, madam."

Wenzangu walirudishiwa mitihani yao wakaendelea. Wangu ukafutwa, kwa kuwa niliuzima kwa mkono wangu mwenyewe. Nilishuka ngazi watu wakinitazama. Lakini aibu nimeizoea, hiyo si kitu. Kilichonimaliza ni kile kitambo kifupi kabla kijana hajafika. Mashine zilinyamaza zote pamoja, mvua ikasikika, nami nikageuza kichwa kushoto nikangoja.

Hilo sijamwambia mtu. Zuhura anajua tu kwamba mkono wa mama yake una wazimu, kwa hiyo amenianzishia mazoezi. Mvua ikija ananikalisha mbele ya hii mashine ikiwa inawaka, yeye anasimama karibu na soketi kama askari wa benki.

"Mikono juu ya meza, Mama."

"Unaniongelesha mimi hivyo?"

"Mtihani haingojangi mvua iishe."

Nimejaribu. Nimejifunga mikono kwa leso. Nimekalia mikono. Siku nyingine navumilia mpaka mwisho, jasho linanitoka, siwezi kusoma hata neno moja kwenye skrini. Siku nyingine mtoto akigeuka tu kuangalia sufuria, nimeshachomoa. Leo hayupo, nimemtuma sokoni, naye mvua imemfungia huko. Ilipoanza kunguruma nilikuwa katikati ya maswali ya kujipima, na nilikuwa nayapata. Sikuvumilia hata kidogo. Nilichomoa, nikafunika kitambaa, nikaketi. Nikageuka kushoto. Ukuta, na kalenda ya mwaka uliopita.

Nikachukua kalamu, kwa kuwa kuna maneno nilikuwa nangoja uyaanze wewe, na nimeona leo huyaanzi.

Nimechoka, Baba Zuhura. Nimechoka kusoma, nimechoka kupanga viatu vya watoto wa watu, lakini zaidi nimechoka kukungoja kila saa tisa. Nilidhani ninachojifunza ni kompyuta. Kumbe kazi yote hii ni kujifunza kukaa kwenye mvua bila wewe, na sikuwa nataka kuijua. Ningeweza kuufeli tena na nikaendelea kuchomoa, nikarudi Mayoni, nikazeeka nikigeuka kushoto. Ila Zuhura husimama karibu na soketi, na yule ni mtoto wako, hawezi kusimama hapo maisha yake yote.

Kesho mtihani ni alasiri tena. Itanyesha, wewe unaijua Kakamega. Nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kikubwa zaidi ya hiki: ikinguruma, niruhusu nisichomoe. Usione nimekusahau. Keti tu hapo kushoto kwangu unyamaze, nami nitajibu maswali yangu nikiangalia mbele.

Bado kunanyesha. Imenguruma sasa hivi, karibu sana, mkono umeruka na wino umenitoka nje ya mstari, utauona. Nakuaga hapa. Nainuka kuondoa kitambaa na kuichomeka kompyuta.

Mkeo,
Mama Zuhura