Katibu Hana Kosa

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Mimi sijambo, ila miguu inawaka moto. Msusi hakai, wanaokaa ni wateja. Mwambie Mama blauzi aliyonishonea imenitosha, na nafasi ya kunenepa imebaki.

Ningepiga simu, lakini kwenye barua yako umesema simu yako umeifungia kabatini kwa hasira. Pole, Baba. Kila asubuhi unaweka salio, na kabla hujamaliza kufungua saa mbovu ya kwanza kwenye meza yako ya ufundi, limeyeyuka! Umesema umembana Katibu wako, huyo mdogo wangu uliyempa cheo cha kukuandikia na kukusomea barua tangu macho yako yalipokataa mwandiko, maana ni yeye tu anayeishika simu yako. Akakana, ukamnyang'anya ya kwake na kumkataza kusogelea meza yako ya kazi. Mama naye kaongeza pembeni mwa barua kwamba siku ya kumi na moja hii mtoto anakula jikoni peke yake. Niliposoma hapo kitana kilinianguka.

Nikaenda duka la kampuni ya simu. Dada wa kaunta akanieleza kwamba kuna matapeli wanaotuma ujumbe kuwa ukurasa wako wa mtandaoni umefungwa, na ukitaka kuufungua ujibu NDIYO. Ukijibu tu, umeingia mkenge: wanakukata salio kila siku, na huo ukurasa wenyewe hawaujui hata rangi. Nikamsihi auzime mchezo huo palepale. Akasema haiwezekani, lazima mwenye laini afike mwenyewe, aweke kidole.

Laiti angekubali, Baba, ningeyamaliza kimyakimya nikarudi kusuka. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Ni mimi. Unakumbuka nilipokuja kuwasalimu, ukurasa wangu wa picha za misuko ukagoma kufunguka, nikanuna siku nzima? Ule niliufungua nikiwa shuleni, kwa namba yako, maana yangu sikuwa nayo. Ujumbe huo wa matapeli ukaingia kwenye simu yako ukiwa umesinzia kitini, lenzi ingali jichoni. Nikajibu NDIYO. Ukurasa haukufunguka. Nikajibu tena, mara tatu, kisha nikafuta kila kitu na kukurudishia simu kwenye mkono wa kiti. Niliona haya kusema, mimi ninayewacheka wateja wangu kwa ushamba wa simu.

Jumamosi nafunga saluni, nakuja twende kaunta pamoja. Unigombeze utakavyo, nimestahili. Lakini simu ya mtoto usiningoje, mrudishie leo.

Sasa vumilia kidogo, Baba, niseme na anayekusomea.

Mdogo wangu, soma kwa sauti, usiruke mstari. Nimeitazama tena ile barua ya Baba. Kila neno lililokuita mwizi limeandikwa kwa mkono wako, kwa mwandiko wako mzuri uleule, na hukupunguza hata moja. Nimelia hadi mteja akaniuliza nani kafa. Nisamehe, mpenzi wangu. Ukimaliza kusoma, usirudi jikoni. Vuta kiti, ukae karibu na Baba, kwenye meza yake ya kazi.

Nisalimie Mama na wote wanaoniulizia.

Ni mimi binti yako mkubwa, mwenye kosa na mwenye kukupenda,
Msusi