Chumba Kimepatikana Mabatini

Mwanza,
baada ya Idi

Mke wangu Mwanaidi,

Assalaam alaikum. Salamu ni nyingi, zigawe mwenyewe kama unavyogawa mchuzi, usimpunje mtu. Mimi mzima, ila masikio yananivuma kutwa, na ndiyo kazi yenyewe. Wewe hujambo? Zuhura je, kile kifua kimemwachia? Na mama, mguu wake unakanyagika sasa? Mwambie mwanawe anamwamkia, shikamoo.

Nashukuru umemaliza kisomo cha watu wazima na sasa unajisomea mwenyewe. Barua hii nisingetaka kaka Omari akusomee. Ukiimaliza, itie jikoni iungue.

Kila barua yako unaniuliza kama chumba kimepatikana, na kila mara nakujibu bado, mpaka umeanza kudhani nimepata mwanamke. Sasa unaandika kwamba mke wa kaka amekutolea vyombo nje mbele ya majirani, na kwamba mwezi ukiandama utapanda treni na mtoto, chumba kiwepo kisiwepo. Haya, sikiliza basi.

Tulipoletwa huku kutoka pwani, wataalamu wa kigeni walipewa hoteli yenye feni. Sisi wazamiaji, katibu wa mradi akatuambia, "Ndugu zangu, hii ni nchi ya kujitegemea. Jitegemeeni." Tukajitegemea kwenye ghala la kamba, juu ya maturubai, pamoja na panya ambao nao walikuwa wanajitegemea. Chakula chetu kilikuwa unga wa njano, na hata huo kwa foleni.

Nimezunguka kutafuta chumba mpaka mbwa wa Mwanza wananijua. Nyegezi nilimkuta mwalimu mmoja mstaafu, Mhaya, Kiswahili chake kimenyooka kama anasoma taarifa ya habari. Akanionyesha chumba kizuri, kodi ya wastani. Akauliza kazi yangu. Nikamwambia nazamia, navaa mtungi wa hewa mgongoni nashuka chini ya ziwa, kwenye ile meli ndogo ya pamba iliyozama, tunataka kuinyanyua. Akasema samahani, chumba kimepata mtu sasa hivi. Na uani tulikuwa mimi na yeye tu!

Kiseke ndiko walikonivunja moyo. Mama mwenye nyumba alinikalibisha kwa lafudhi yake ya huku, akanipa kigoda na maji ya kunywa. Aliposikia kazi, akasimama. "Meli ile ilizama na watu. Wewe unashuka huko kwao. Ukirudi, unarudi na nani?" Nikacheka nikidhani ni utani. Akamwita bintiye akisugue kile kigoda kwa majivu, mimi bado nipo pale natazama. Mwanaidi, nimetukanwa sana maishani, lakini sijawahi kusuguliwa.

Na huku huwezi kukaa tu ovyo. Kila mgeni lazima ajulikane kwa balozi wa nyumba kumi. Asiye na chumba hana balozi, na asiye na balozi ni mzururaji. Mgambo walinikuta nimekaa nje ya soko wakanipakia kwenye lori, naenda kulimishwa kijijini, mpaka karani wa mradi akaja kunitoa huku anacheka. Ungefika na Zuhura bila chumba wangewapakia na nyinyi.

Ndipo alipokuja Mama Kulwa. Alinifuata mwenyewe ufukweni, mwanamke mrefu, mkavu, hana maneno mengi. "Wewe ndiye unayezama upande wa nyuma wa meli, kwenye chumba cha mashine?" Nikasema ndimi. "Una pa kulala?" Nikasema sina. Akanileta Mabatini, nyumba ya bati yenye ua. Chumba kina kitanda cha chuma na dirisha linalofunga, kodi nusu ya niliyotajiwa kwingine, na chakula juu yake. Nikamuuliza, mama, mbona rahisi hivi? Akasema, "Lala kwanza."

Nimelala. Na kila kitu kilichokuwa chini ya huo urahisi nimekuja kukijua polepole.

Mumewe Mama Kulwa, Masanja, alikuwa fundi wa mashine kwenye meli hiyo hiyo. Wenzake waliopotea waliokotwa wote, yeye hakuonekana. Mjini wanasema hakufa, alishuka kabla ya safari akakimbilia Kisumu na magendo yake. Uvumi huo ameupika Mama Kulwa mwenyewe, na anauchochea kila siku kisimani. Maana kuna shemeji yake, Maduhu, ndugu wa Masanja kwa baba, mtoto wa mke mkubwa, ambaye kila Jumapili anakuja na baiskeli, anakaa kwenye kiti cha Masanja, anapima milango kwa macho. Wazee wa ukoo wamekata shauri: maiti ikionekana, atazikwa, na siku ya kuondoa tanga Maduhu atarithi nyumba na mjane pamoja. Isipoonekana, hakuna msiba, na pasipo msiba hakuna urithi. Maduhu ana wake wawili, mmoja hana meno ya mbele, na si uzee uliomng'oa.

Yule bwana hana hata haya. Jumapili moja alinivuta pembeni, akaniwekea mkono begani. "Mswahili, nipatie ndugu yangu. Nyumba ikiwa yangu, nitakupa vyumba viwili, hutalipa kitu. Mlete mkeo." Huku Mama Kulwa yuko jikoni anasonga ugali, anasikia kila neno.

Basi nilimpata, Mwanaidi.

Maji ya huku si kama ya kwetu. Hayana chumvi, lakini ni mazito, unaona kwa vidole. Nilisukuma mlango wa chumba cha mashine, tochi ikaangukia buti. Buti la kushoto, lina kiraka cha mpira mwekundu wa baiskeli. Mama Kulwa alishawahi kunisimulia kiraka hicho huku anacheka, kwamba mumewe alikuwa bahili hata kwa miguu yake. Sitakuandikia zaidi ya buti. Mpira wa hewa ulinitoka mdomoni, nikaukamata nikaurudisha.

Nilipoibuka, mtaalamu akauliza kuna nini chumba cha mashine. Nikasema, "Matope." Akaridhika. Jua lilikuwa linawaka, wenzangu wanagawana sigara. Nitakuambia ukweli: sikumfikiria Mama Kulwa wala meno ya mke wa Maduhu. Nilikufikiria wewe na vyombo vyako nje, nikafikiria kile kitanda cha chuma. Mimi Mwislamu, haki ya maiti naijua, nimemnyima mtu ardhi kwa ajili ya godoro. Nimejichukia, na usiku huo nililala fofofo.

Mama Kulwa hakuniuliza. Mchana ule alinitazama nikifinyanga tonge lile lile bila kulila, akaniwekea kichwa cha sato, kile kinachowekewa baba wa nyumba. Tangu hapo kodi hajanidai.

Sasa kuna mama mzazi wa Masanja, Bibi Minza. Anakaa chumba cha uani, macho yana ukungu, mdomo mkali kuliko wembe. Tangu nihamie hapa, nikirudi kazini huniita kwa sauti ya kufika mtaa wa pili: "Mzamiaji! Umemwona mwanangu?" Nami hujibu, "Bado, bibi." Kabla ya siku ile lilikuwa jibu tu. Baada yake, kila "bado" imekuwa kama kumeza mwiba. Nikaanza kupitia mlango wa nyuma nimkwepe. Mama mzazi, Mwanaidi! Mtu anamtaka mwanawe amzike, nami namjua alipo, napita nyuma kama mwizi wa kuku.

Juzi alinikamata pale pale nyuma. Ameshika kitambaa cheupe, kipya, na wewe unajua kitambaa kilivyo adimu siku hizi, sijui amekitoa wapi. Safari hii alisema taratibu.

"Huko chini kuna baridi. Mfunike."

"Nani, bibi?"

"Usinifanye mtoto. Siku za kwanza ulikuwa unasimama mbele yangu ukinijibu. Sasa sauti yako inatoka ukutani. Asiyemwona hana sababu ya kunikimbia."

Nikaanza kulia, mtu mzima na ndevu zangu. Nikamwambia nitampandisha kesho, bibi, umzike. Akanipiga kofi la mkononi, si la kuumiza. "Umpandishe ili Maduhu anitupe nje mimi, amchukue huyu mkwe wangu? Mimi si mama yake. Mwanangu ameshakufa, kaburi halitamwongezea kitu. Mfunike, basi."

"Na mbona kila siku unaniuliza?"

"Nauliza kwa sauti. Wewe unadhani nakuuliza wewe?"

Nimemfunika jana. Kile kitambaa hakikutaka kutulia, nikakibana kwa spana zake mwenyewe, nikasoma nilichoweza kusoma kichwani, maana mdomo una mpira.

Lakini usidhani yamekwisha. Mvua zikikatika meli itanyanyuliwa mchana kweupe, mji mzima ukitazama, Maduhu mbele. Na minyororo ya upande wa nyuma nimepangiwa kuifunga mimi. Nikikataa, nafukuzwa kazi na atashuka mwingine. Kwa hiyo chumba ni chetu mpaka hapo, na nitakachokifunga kwa mikono yangu ndicho kitakachotutoa sote nje, pamoja na bibi. Hata hivyo ni afadhali kuliko ukumbi wa kaka.

Njoo. Usilete kitanda wala kinu, lete sufuria moja na nguo za mtoto. Balozi ameshaandika jina lako.

Msalimie mama, umwambie asilie ukiondoka. Msalimie fundi cherehani wa jirani aliyekushonea ya Idi, na shangazi anayeuza vitumbua, nimevikumbuka mpaka basi. Kaka Omari mwambie namsalimu. Mkewe usimwambie kitu.

Na ukifika, jioni ya kwanza tu, Bibi Minza atakuita kutoka uani, kwa sauti kubwa, akuulize kama mumeo amemwona mwanawe. Usimwonee huruma, usiinamishe kichwa. Mjibu kwa nguvu, mtaa usikie: "Bado, bibi." Na Zuhura, kama ameshaanza kusema, mfundishe neno hilo ndani ya treni.

Mumeo aliye juu ya maji leo,
Salimu