Mibuni Niliyoiacha Bila Dawa

Mbinga, Alhamisi

Nimepata kazi, na sina hamu ya kula.

Meneja wa kampuni mpya ya kahawa hakukitazama hata cheti changu. Aliuliza, "Chuoni ulifanya mradi gani?" Wenzangu waliokopi miradi ya watu walikwama hapo hapo. Mimi nilieleza: mibuni ya baba kule Mpepai, nusu niliipulizia dawa, nusu nikaiacha makusudi nione chulebuni, ugonjwa unaoozesha kahawa ingali mtini, unavyoenea.

Ulienea shamba zima. Baba aling'oa mibuni yote, akapanda mahindi. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jioni nimempa habari.

"Hongera, mwanangu. Utakuwa unafanya nini?"

"Kupima kahawa ya wakulima, baba."

Akasema, "Basi mimi huko hutaniona."