Karamu ya Bure ya Harusi ya Josie

Shangazi Verna,

Nakuandikia nikiwa na uchungu, nisaidie kabla sijaharibu harusi ya mwanangu. Mume wangu Harlan ni fundi wa viyoyozi hapa Reno, na kila Jumapili hunipeleka mgahawa wa kasino, tunakula mkate wa nyama na viazi vya kuponda, ananiagizia kokteli ya wiski yenye cheri, halafu anatoa kadi ya kasino tu na hatulipi kitu, aliniambia meneja ni rafiki yake kwa kuwa aliwatengenezea viyoyozi, nami nikaamini, nikawatambia hadi dada zangu kwamba mume wangu anaheshimika mjini, kumbe! Jumapili iliyopita nilimsifu mbele ya Maxine, mhudumu wetu wa siku zote, naye akanifuata msalani akaniambia, "Dada, usinitaje, lakini humu halishwi bure mtu anayeshinda. Shemeji yuko kwenye mashine za kamari kila jioni." Kila jioni, Shangazi, na mimi najua yuko kazini, zamu ya pili! Nilipombana Harlan, alicheka, "Mke wangu, umekula, umekunywa, sasa ndiyo unauliza jiko liko wapi?" Na amemwahidi binti yetu Josie karamu ya harusi hukohuko, watu sitini, bure, Josie analia kwa furaha, lakini Maxine anasema karamu kubwa namna hiyo hupewa anayepoteza zaidi, na sisi kitu pekee tulichobakiwa nacho cha kupoteza ni nyumba. Nikisema, nitamvunja moyo mtoto. Nikinyamaza, nitacheza kwenye harusi yake nikijua paa letu ndilo linaloliwa. Nifanye nini?

Lorna, Reno

Shangazi Verna anajibu:

Pole, Lorna. Kudanganywa na mtu unayekula naye meza moja kunauma. Lakini na wewe dada! Umekaa Reno, mji ambao hata watoto wanajua kasino haina rafiki, ukaamini fundi analishwa kila wiki kwa sababu ya viyoyozi? Uliamini kwa sababu kokteli ilikuwa tamu na dada zako walikuwa wanakuonea wivu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie Josie leo, Harlan akiwa amekaa hapohapo, asipate nafasi ya kulipamba jambo. Atalia. Alie sasa, angali ana kwao pa kurudi. Kesho nenda kwa mwanasheria, uhakikishe nyumba haiwekwi rehani bila sahihi yako. Halafu Harlan aende mwenyewe kasino akaombe apigwe marufuku kuingia humo, na ile kadi aiache hukohuko. Akikataa, usimbembeleze, mfungashie nguo zake.

Karamu ifanyeni uani kwako. Mkate wa nyama si siri ya kasino, ni nyama, vitunguu na mkono wako. Mwalike Maxine, naye siku hiyo aketi ahudumiwe. Mkiweza kulisha watu ishirini tu, waiteni ishirini. Josie ataolewa hivyohivyo, na akija kukutembelea atakukuta nyumbani kwako.