Namba za Saa Kumi na Mbili

3 Machi

Shikamoo Baba,

Hujambo? Mgongo je? Mimi mzima, ila macho yamechoka. Simu yako haipatikani kama kawaida, kwa hiyo naandika.

Bado nahangaika na modeli ya mto, kuanzia chemchemi za huko kwenu mpaka huku unapopita nyuma ya nyumba yangu. Kompyuta inajaribu vigezo maelfu hadi mto wake ufanane na uliopimwa. Jaribio moja huchukua muda wa saa tisa, na sasa nina wiki ya tano.

Ile miezi minne Mama alipokuwa anaumwa kabla ya kufariki, sikuipa modeli vipimo vyake, nione kama itavikisia yenyewe. Imelingana na daftari lako la kazi, unamoandika kina cha mto kila asubuhi, sentimita kwa sentimita. Baba, modeli huwa hazilingani hivyo. Bosi anadhani nimepika takwimu, na akithibitisha, kazi sina. Niambie ulipimaje.

Binti yako

11 Machi

Marahaba mwanangu,

Sisi wazima. Mgongo ni wa uzee, tumeshazoeana.

Sikupima. Miezi ile sikwenda mtoni hata siku moja, nilishindwa kumwacha mama yako. Kila saa kumi na mbili asubuhi nilikaa kitandani kwake na daftari, nimejiandaa kubuni. Naye, macho amefumba, anataja: "Mita moja na ishirini na tatu." Nikaandika. Niliona ni homa tu. Aibu imenikaa miaka sita, na kama ni kunifukuza, wanifukuze mimi, siyo wewe.

Baba

16 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini umeamka salama. Mimi silali vizuri.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nimerudia miezi yote minne, hajakosea hata siku moja. Bosi sijamwambia, nitamwambia nini? Nimekaa bafuni nikalia. Sikujua kwamba alikuwa anaongea hadi mwisho.

Binti yako

24 Machi

Mwanangu,

Afya ipo. Usicheke.

Tangu Jumatatu namsikia mama yako tena, sauti ileile ya mtu aliyelalia ubavu. Jana alisema moja na arobaini. Nikashuka mtoni na tochi yangu, nikakuta moja na arobaini.

Leo amesema tano, ila mto bado ni moja na arobaini. Nguzo yangu ya kupimia inaishia nne.

Baba

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine baadaye.

Nimeingiza utabiri wa mvua. Modeli inasema maji yako hayatazidi mita mbili, na bosi anaiamini. Mimi namwamini Mama. Hama leo, nenda kwa Shangazi kilimani, na majirani uwaambie. Wakikuona umechanganyikiwa, waache wakuone hivyo. Nakupigia magoti.

Binti yako

6 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Naandika nikiwa kwa Shangazi yako. Anakusalimu, na ameshanigombeza mara mbili kwa kuvaa viatu ndani.

Maji yalikuja jana alfajiri. Nyumba yetu haipo. Nguzo haipo. Majirani wote wamepona, hata yule fundi cherehani aliyeniita mzee wa ndoto. Alibeba cherehani yake kichwani huku ananilaani njia nzima, leo ameniletea chai. Waliniuliza nilijuaje. Nikasema ni kompyuta ya binti yangu.

Nilidhani yamekwisha. Leo asubuhi nimeamka, hakuna mto wa kupima, nikamsikia tena. Amesema mita mbili. Nikamuuliza, mita mbili wapi, mama? Sijawahi kumuuliza kitu siku zote hizo. Akasema, "Mlangoni kwa mtoto."

Nimekimbilia barabarani. Mnara wa simu umeanguka na daraja limekatika. Dereva wa lori amekubali kuibeba barua hii kwa kuzungukia milimani, anasema siku tatu. Maji kutoka huku hadi kwako ni siku mbili, wewe mwenyewe ulinieleza, na yameondoka tangu jana.

Ukiipata, nijibu hata neno moja. Kila lori linaloshuka huku nalisimamisha.

Baba yako