Korongo si Mwanya

Shinyanga, 17 Oktoba 1953

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote bila kuficha, hata yanayoniaibisha. Mimi ni mzima. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mvua imeanza huko Kharumwa?

Baba, nimechoshwa na mambo ya Jumamosi iliyopita. Tulipelekwa mlimani kuokota kuni. Wakati wa kushuka, kila mmoja na mzigo kichwani, kiranja wetu Rebeka akatuongoza kwenye mwanya.

Nikamwambia, "Dada, huo ni mwanya. Korongo lile pale."

Akacheka. "Wewe na milima yenu! Yote si mteremko tu?"

Si mteremko tu! Korongo limechimbwa na maji, ndiyo maana kadiri unavyoshuka linapanuka, na chini kuna mchanga. Mwanya ni nafasi tu kati ya majabali mawili. Asiye na mzigo hupita kwa ubavu. Mwenye mzigo hunasa. Kwetu hata mtoto anayechunga mbuzi anajua. Kwao Kagongwa ni tambarare, simlaumu, lakini kusikiliza kulimshinda nini?

Nikashuka korongoni peke yangu. Chini nikatua mzigo, nikapiga vigelegele kama tufanyavyo nyumbani, ili walio juu wajue njia ni salama. Kumbe saa ileile Rebeka amenasa, haendi mbele wala nyuma, wenzake wanamvuta gauni!

"Unanizomea?" akapiga kelele. "Utaona, Kabula!"

Akanishtaki kwamba nimeacha kundi na kumcheka. Nikaeleza habari ya vigelegele. Mwalimu wetu akasema, "Vigelegele ni vya arusi, binti. Nitamwandikia baba yako."

Kundi niliacha, kweli, na nimefyeka nyasi kwa kosa hilo. Lakini kumcheka, sikumcheka.

Baba Mdogo alisema siku shule ikileta malalamiko, nirudishwe nyumbani niolewe. Sasa malalamiko yako njiani. Na Mwalimu huyohuyo, kabla ya kuni hizi, aliniambia naweza kufaulu kuingia darasa la tano.

Nisalimie Mama, Bibi anayeniwekea karanga, na kaka yangu aliyeko machimboni Geita. Yeye atacheka sana habari ya mwanya.

Ni mimi binti yako,
Kabula

Baba, nijibu upesi kwa mtu yeyote ajaye huku: utamweleza Mwalimu maana ya vigelegele vyetu, au nianze kufunga sanduku langu?