Mkaza Mwanangu Ndiye Anayenipima Presha

Mpendwa Bi Mwanarusi,

Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba unisitiri, jina langu usilitaje kabisa. Mimi ni mzee wa hapa Msambweni, nina presha, na mwanangu Swabir amemuoa Hafsa, mfamasia, binti mwenye adabu hasa, ambaye amefungua duka la dawa karibu na soko, lile lenye mlango wa kijani, na mle ndani ametenga chumba kidogo ambamo sisi wenye presha na sukari huingia mmoja mmoja, akatupima na kutuuliza dawa zinatukaaje mwilini. Watu wananionea gere, wananiambia una bahati mzee, daktari yuko ndani ya nyumba, nami natabasamu, lakini Bi Mwanarusi, ninaumia.

Nilipoanza vile vidonge, mambo ya chumbani yalilala. Mke wangu Biasha hakusema neno, na kule kutosema ndiko kulikoniua, basi nikaviacha, nikawa navitupa chooni, nikamwendea Kaingu wa Mkongani anayeuza mizizi ya nguvu, nikawa naichemsha na kuinywa asubuhi na jioni, na nguvu zenyewe hazikurudi, ila moyo ndio unaokwenda mbio. Hafsa akinipima anakuta presha iko juu, ananiuliza kwa upole, "Baba, dawa unazimeza?" Namjibu, "Ninazimeza, mwanangu." Ananiuliza, "Na hazikusumbui popote?" Namjibu, "Alhamdulillah." Ningemwambia nini, Bi Mwanarusi, na yeye ni mkwe wangu, mtu ambaye hata nikiwa nimevaa shuka tu nikimsikia uani najificha? Basi anampigia daktari, dawa inaongezwa, nami nazidi kutupa, na nadhani kilichopona mpaka sasa ni choo.

Sasa ameingiwa na huruma, amesema kuanzia Jumatatu atapita nyumbani kila asubuhi kabla ya kufungua duka, anisimamie nimeze vyote mbele yake. Kwenda duka jingine siwezi, watu watasema hata baba mkwe wake hamwamini. Nimefikiria kuhamia kwa dada yangu Shimoni kwa muda. Nimeze au nisafiri? Juzi mkono wa kushoto uliniganda nikiwa nimeshika kikombe, lakini ulifunguka wenyewe.

Wako, asiyetaka kujulikana.

*

Mzee wangu, shikamoo. Naanza na hilo kwa sababu yanayofuata hayana adabu nyingi.

Umeniomba nisikutaje, kisha ukanitajia mke, mwana, mkaza mwana na mpaka rangi ya mlango. Majina nimeyabadilisha yote, na mlango nimeupaka rangi yangu.

Mkono ulioganda umeuweka mwisho kabisa, baada ya safari ya Shimoni. Mimi nauweka mwanzo. Huenda hicho kilikuwa kiharusi kimepita kukubishia hodi, na mkono kufunguka si kupona. Usingoje Jumatatu. Nenda hospitali leo hii, ubebe na mizizi ya Kaingu waione, na useme wazi kwamba dawa ulikuwa humezi. Daktari amekuwa akiongeza akidhani unameza. Ukizibugia zote kwa mpigo mbele ya binti wa watu, presha yaweza kushuka ghafla ukaanguka miguuni pake, naye aishi maisha yake yote akidhani amekuua yeye.

Nakuhurumia, wallahi. Hayo ya chumbani si ajabu. Presha yenyewe huyaleta, na baadhi ya vidonge vyake pia, na viko vingine vya kubadilishia. Lakini nani akubadilishie, ikiwa kila ukiulizwa jibu ni alhamdulillah? Mungu hushukuriwa, mfamasia huambiwa.

Aibu ya mkwe naijua, nimelelewa nayo, na sikuambii uivunje. Lakini tangu lini maneno ya wakwe yakakosa njia? Ulipomposea Swabir ulisema kwa kinywa chako? Ulituma mtu. Basi na sasa mtume Biasha. Mwambie yeye kwanza, tena leo, maana huyo mama amenyamaza akidhani umemchoka, na wewe umemwachia dhana hiyo kwa sababu ya kiburi. Atakaa na Hafsa jikoni, watayazungumza, nawe utaletewa kidonge kingine bila mtu kukutazama usoni. Wala Hafsa hatazimia. Wazee wenzako wanaoingia kile chumba mmoja mmoja na kufunga mlango, wadhani huzungumza bei ya samaki?

Ukiona hiyo bado ni aibu kubwa, ipime na hii nyingine. Kiharusi kikikulaza, Swabir atakuwa kazini na Biasha hataweza kukuinua peke yake. Wa kukugeuza kitandani, kukulisha uji na kukubadilisha nguo atakuwa huyo huyo Hafsa, tena kwa mapenzi, na wewe hutakuwa hata na ulimi wa kumwomba atazame kando.